Mkono na Mche wa Sabuni

Sufuria ya Hidaya ilichemka bila moto.

Si masihara. Mafiga yalikuwa ya baridi, hakuna ukuni uliowashwa, na sufuria yenyewe ilikuwa chini, sakafuni. Lakini ilitokota. Ikatoa povu na moshi, povu likamrukia mikononi na usoni.

Kelele zake zilisikika mpaka relini.

Kijiji kizima kilikimbilia kule. Ila mtu mmoja alikimbia akijua kosa ni lake. Aliitwa Thobias, na kisa hiki ni chake.

Ilikuwa mwaka 1983. Waliokuwepo wanaujua ule mwaka. Sabuni ilikuwa adimu, watu walifulia majani ya mpapai. Redio asubuhi walanguzi, jioni wahujumu uchumi. Ukiona mzigo umefunikwa turubai, unajiuliza: wameficha nini hawa?

Kijiji kilikuwa cha ujamaa, kando ya reli, magharibi ya Morogoro mjini. Thobias alihamishiwa hapo na operesheni ya vijiji kutoka Mgeta, juu milimani, yeye na mkewe Kristina. Akapewa kazi ya kufundisha kisomo cha watu wazima.

Alikuwa mwalimu mzuri, tusimwonee. Tatizo lake lilikuwa moja: alikuwa mjuaji. Ukimuuliza mvua itanyesha lini, anakujibu. Ukimuuliza ng'ombe wako anaumwa nini, anakujibu. Neno "hapana, hilo silijui" halikuwahi kumtoka kinywani.

Basi watu wa reli wakaita mjumbe mmoja kutoka kila kijiji cha kando ya njia. Semina, Morogoro. Wajifunze kutambua mabehewa na malori yanayobeba mizigo ya hatari: umbo la tangi likoje, alama zake zina maana gani, ukilikuta limeanguka ufanye nini.

Kijiji kikamtuma nani? Thobias, nani mwingine!

Alifika, akaketi. Mkufunzi hajamaliza hata kujitambulisha, jirani yake akamnong'oneza: "Duka la ushirika wameshusha khanga."

Thobias akala kona.

Alipanga foleni mpaka jua likainama. Khanga akapata. Aliporudi ukumbini alikuta mfagiaji tu.

Kijijini wakamuuliza, "Vipi semina, mwalimu?"

"Nimezijua zote," akasema.

Haikupita muda mrefu, treni ya mizigo ikasimama pale kijijini. Behewa moja la tangi lilikuwa linatoa moshi kwenye ekseli. Wakalikata kutoka kwenye treni, wakalisukuma kwenye njia ya pembeni. Kabla ya kuondoka, gadi wa treni akamwambia mwenyekiti wa kijiji, Mzee Stambuli: "Litafuatwa kesho. Asiliguse mtu."

Hakusema zaidi. Treni ikaondoka.

Wewe fikiria. Mwaka wa walanguzi, unaachiwa tangi zima mlangoni, unaambiwa usiguse.

Watu wakakusanyika. Mzee Stambuli hakuwa mtu wa papara. Akawazuia kwa fimbo yake, akaita, "Mwalimu, hebu sogea. Wewe ndiye uliyekwenda semina. Kimeandikwa nini hapa?"

Ubavuni mwa tangi palikuwa na kibandiko cha pembe nne kilichosimama kwa ncha moja. Ndani yake mchoro: mkono umenyooshwa, pembeni yake kipande kirefu kama tofali jembamba, na juu ya vyote viwili matone yanadondoka.

Thobias akakitazama. Macho ya kijiji kizima yalikuwa mgongoni kwake.

Angeweza kusema. Neno lenyewe dogo tu. Lakini angelisemaje mbele ya wanafunzi wake, mtu aliyelipiwa nauli na kijiji?

"Mkono," akasema, kwa sauti ile ya darasani. "Maji yanadondoka. Na huu hapa ni mche." Wazo likamjia lenyewe, zuri kabisa. "Mche wa sabuni. Hii ni sabuni ya maji, ndugu zangu. Kuna mtu anaificha."

Vigelegele!

Mgambo mmoja akaleta spana, koki ikalegezwa. Kikatoka kitu kizito, hakina rangi. Thobias akachovya vidole viwili, akavisugua.

Vikateleza.

"Inateleza!" akapiga kelele. "Si niliwaambia?"

Ndoo za plastiki, madebe, makarai ya chuma, kila mtu na chake. Hidaya, mjane aliyekuwa akichuuza mboga Morogoro, alikuja na sufuria yake ya alumini, akajaza, akaiwahisha nyumbani.

Thobias alikuwa bado pale kwenye koki alipohisi vidole vinawasha. Akavitazama. Ngozi ilikuwa nyeupe, imelainika kama ya maiti aliyetolewa mtoni.

Ndipo akasikia kelele za Hidaya.

Alichofanya alikifanya kwa woga, si kwa ujuzi. Alipiga ukelele, "Maji! Mwageni hivyo vitu! Naweni maji mengi!" Akakimbilia kwa Hidaya, akamtumbukiza mikono kwenye pipa la maji, akammwagia maji usoni ndoo kwa ndoo mpaka lori la mkonge likapatikana la kumpeleka hospitali.

Wengine walibabuka viganja. Hidaya peke yake ndiye aliyeungua vibaya, mikono yote miwili na jicho la kushoto.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi.

"Wote tulichota tangi moja," mmoja akasema kisimani. "Mbona yetu haikuchemka?"

"Bila moto!" mwingine akadakia. "Yule mwanamke ana mambo yake. Hata mumewe alikufaje?"

Hadi jioni ya pili, Hidaya alikuwa mchawi. Aliyeitia sabuni ya watu uchawi. Na Thobias? Thobias alikuwa shujaa. Walimletea kuku. Mzee mmoja alimshika mkono uliofungwa kitambaa, akasema, "Bila wewe, mwalimu, tungekwisha."

Thobias akauchuna.

Kuku aliliwa, yeye hakuonja. Kristina akamuuliza, "Mbona huli, baba?" Akasema tumbo. Alitamani mtu amtukane, hakutokea hata mmoja.

Akapanda treni kwenda kumwona mgonjwa.

Alimkuta amelazwa karibu na dirisha, mikono yote bandeji, jicho limezibwa. Thobias akasimama, akatazama sakafu.

"Pole, Hidaya."

"Nimeshapoa. Keti."

Hakuketi.

"Foleni ya khanga ilikuwa ndefu sana siku ile," Hidaya akasema taratibu. "Mimi nilikuwa nyuma yako. Zikaisha kabla sijafika."

Thobias akainua uso.

"Kwa hiyo ulijua kuwa sijui. Sasa kwa nini ulichota?"

"Ulisema kwa sauti ya mtu anayejua. Na mimi nilitaka iwe sabuni."

Muuguzi akapita. Alipokwenda zake, Hidaya akageuza kichwa, jicho moja likamtafuta.

"Nasikia kijijini naitwa mchawi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ukawaambia nini?"

Mwanamume mzima, mwalimu wa watu wazima, alitoka wodini anajigonga kwenye vitanda vya wenyewe.

Mkutano wa kijiji uliitishwa ili Hidaya asirudi. Shauri lilikuwa limeshaiva, bado kunyoosha mikono tu. Thobias akasimama.

"Ndugu mwenyekiti, Hidaya si mchawi. Mimi ni mwongo. Semina sikuikalia. Nilikwenda kupanga foleni ya khanga. Maana ya ule mchoro niliibuni."

Kristina, aliyekuwa ameivaa khanga yenyewe, akajifunika uso.

Mzee Stambuli akauliza, "Sasa ule mkono ulikuwa wa nini?"

"Sijui, mzee."

"Na sufuria ilichemka kwa nini?"

"Hilo pia silijui."

Hakuna aliyemzomea. Ingekuwa afadhali. Watu waliinuka mmojammoja wakaondoka, na hakuna aliyemuaga.

Yule mkufunzi wa semina aliletwa kijijini. Thobias aliketi mbele, chini, mchangani, pamoja na wanafunzi wake.

"Ukiwa mbali, soma umbo," mkufunzi alisema. "Tangi lenye ncha zilizovimba kama yai lina gesi iliyoshindiliwa. Ukiona kibandiko, tafuta mchoro. Huu hapa: matone yanakula mkono, yanakula chuma. Siyo mche wa sabuni. Mle mlikuwa na kostiki, kemikali kali ya viwandani. Inateleza kwa sababu inayeyusha mafuta ya ngozi yako."

Akatoa kichupa na kijiko cha alumini. Akakiweka kwenye kibakuli, akamimina matone machache.

Kijiko kikachemka. Povu, moshi, bila moto.

"Plastiki haifanyi hivi. Debe halifanyi hivi. Alumini ndiyo," akasema. "Huyo mama alikuwa na sufuria tu."

Walioapa kwamba ni uchawi wakaanza kuchora mchangani kwa vidole. Siku hiyo aibu iligawiwa kama sukari ya ushirika: kila kaya ilipata.

Hidaya alirudi, jicho la kushoto halioni tena. Walikwenda kumwangukia, akawapokea. Thobias alifika wa mwisho, akasimama mlangoni ameinamisha kichwa.

"Mwalimu, usitazame chini. Nitazame jicho."

Akalitazama. Lilikuwa jeupe.

"Basi," akasema Hidaya. "Sasa beba hilo tenga. Treni inakuja, na mikono yangu haishiki."

Akabeba. Mchicha na nyanya kichwani, abiria wanamcheka, "Ticha kawa mchuuzi!" Alibeba msimu mzima, hadi mikono ya Hidaya ilipopona, na hata baada ya hapo.

Ndugu msomaji, kutojua hakumwaibishi mtu. Ukiulizwa jambo usilolijua, jibu "sijui," kisha rudi nyuma na uwarudishe wenzako. Neno hilo litakuunguza wewe peke yako, tena kwa muda mfupi. Ukilimeza, litamuunguza mwingine.