Kibao cha Lorna

Lorna Thibodeau, mkutubi wetu wa hapa Vermont, Marekani, hakuwahi kutunza siri. Mimba ya dada yake mji mzima tuliijua kabla ya shemeji. Serikali ilipomtumia barua ya kumwamuru anyamaze, ilimpata mtu hasa.

Barua yenyewe niliisoma miaka minane baadaye, amri ilipoondolewa. Ilidai kumbukumbu zote za vitabu alivyoazima Orrin Pease, bila saini ya hakimu, na ikamkataza Lorna kumwambia yeyote kwamba imefika. Akifungua mdomo, jela. Orrin ni mwalimu mstaafu wa kemia, anafuga nyuki, na alibeba jeneza la mumewe Lorna. Alichoshukiwa sijakijua hadi leo, naye mwenyewe hakijui.

Maktaba yetu hufuta jina kitabu kinaporudi. Kwa hiyo maafisa walipokuja, Lorna alikuwa na kimoja tu cha kuwatajia: kile ambacho Orrin, mvivu wa kurudisha, alikuwa bado nacho. Wakakiandika, wakasema watarudi.

Pale kaunta palikuwa na kibao alichokisimamisha kila Jumatatu: WIKI HII SERIKALI HAIJAULIZA UNASOMA NINI. Kilianza kama mzaha. Jumatatu iliyofuata alikiacha kwenye droo, maana alikatazwa kusema, hakuamriwa kudanganya. Wiki tatu hakuna aliyegundua. Watu wa hapa hawasomi vibao, hata kile cha CHOO KIBOVU.

Ndipo Orrin akaja na vitabu vitatu vya kuazima.

“Lorna, kibao chako kimeenda likizo?”

“Kipo kwenye droo.”

“Ndiyo uzee huo, unasahau hadi Jumatatu.” Akanyoosha mkono, akakitoa, akakisimamisha. Lorna akakilaza kifudifudi. Orrin akakisimamisha tena. Lorna akakilaza.

“Unaumwa?”

“Siumwi.”

“Sasa mbona…”

Lorna alimkazia macho, midomo ameibana kama fundi cherehani mwenye pini mdomoni. Mimi nilikuwa nyuma yao kwenye foleni, na aibu hii ni yangu, nikasema, “Jamani, harakisheni, donati zangu zinapoa.”

Orrin alikitazama kibao kwa muda. Kisha akavikusanya vitabu vyake vitatu.

“Nadhani leo siazimi,” akasema. “Nitavisomea hapahapa.”

Lorna akamsogezea kiti. Halafu akaenda kulia chooni, kwenye kile kibovu.