Tusi Mbele ya Mama Mkwe

Siku tuliyomzika kaka yangu kule Nkololo, mume wangu alikuwa miongoni mwa wachimba kaburi. Sururu iligonga mwamba ikamrudia mguuni, naye akaporomosha tusi la nguoni kwa sauti.

Wanawake tuliokaa mkekani tuliinamisha vichwa. Mama yangu alikuwa katikati yetu, na kwetu mwanamume huona haya hata kucheka mbele ya mama mkwe.

Mume wangu alitoka shimoni, akapiga magoti kwa mbali.

“Nisamehe, mama.”

Mama hakumtazama. “Endelea kuchimba, baba. Jua linapanda.”

Akarudi shimoni. Siku nyingine ningekufa kwa aibu. Siku ile niliendelea kuchambua mchele, wala sikuhisi chochote.