Kompyuta Saba na Chumba cha Mahindi

Mkuu wa shule alinipa hadi Ijumaa nizifufue kompyuta au nikiachie chumba. Wazazi wa Usevya walikuwa wameanza kuleta mahindi ya chakula cha wanafunzi, na stoo ilikuwa imejaa.

"Mwalimu, chumba chako kina mashine saba zisizofanya kazi. Mahindi yanaliwa. Hizo zinaliwa?"

Walimu wakacheka. Mimi sikucheka, maana chumba kile kikienda, somo la kompyuta nalo limekwenda.

Zilikuwa kompyuta za zamani za msaada, kila moja na ram, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya megabaiti 512, na mifumo yake ilikuwa imeliwa na virusi. Nilikwenda Mpanda mjini nikapakua mfumo endeshi wa bure, mwepesi, nikarudi nao kwenye flashi. Nilipoichomeka kwenye kompyuta ya kwanza, programu ya kusakinisha ikaandika kwamba inataka ram ya gigabaiti moja, mara mbili ya iliyokuwemo, ikajizima.

Jumatano niliingia kwenye mafaili yake, nikafuta mstari unaopima ram. Ikaanza vizuri, ikafika nusu, ikaganda. Nilikuwa nimemwondoa mlinzi getini bila kupunguza mzigo unaopita.

Alhamisi nikapunguza mzigo. Nikatoa picha za kukaribisha na lugha tusizozijua, nikachagua kusakinisha kwa maandishi matupu. Ikaenda mbali zaidi, kisha ikaganda tena.

Mwalimu wa kilimo, binti wa wafugaji wa Kisukuma, alikuwa amesimama mlangoni anatafuna karanga.

"Hiyo ram inachomoka?"

"Inachomoka."

"Sasa kwa nini unamlimisha ng'ombe mmoja peke yake? Kwetu mwenye ng'ombe mmoja anaazima wa jirani. Leo wanalima kwa huyu, kesho kwa yule, na kila ng'ombe analala kwao."

"Madam, kompyuta si ng'ombe."

"Ndiyo maana ng'ombe wetu wanalima."

Nikachomoa ram ya kompyuta ya pili, nikaipachika kwenye ya kwanza kando ya ile yake. Safari hii usakinishaji ukafika mwisho. Nikaichomoa ram ya kuazima na kuirudisha kwao, nikawasha ya kwanza kwa megabaiti zake zilezile. Mfumo ukishasakinishwa hauhitaji ram nyingi kama wakati wa kuusakinisha. Ukawaka polepole, ukafungua ukurasa wa kuandikia. Nikahamia ya pili.

Ijumaa saa nne asubuhi trekta la mahindi likasimama nje ya dirisha. Kompyuta nne zilikuwa zinafanya kazi. Mkuu akaingia, akabonyeza herufi moja kwa kidole cha shahada, akangoja. Ikatokea.

"Inachelewa."

"Lakini inafika, Mkuu."

Akabonyeza nyingine, akangoja tena. Kisha akachungulia dirishani.

"Nyie! Magunia pelekeni ofisini kwangu."

Akanigeukia. "Bado tatu, Mwalimu. Nikitoka kwenye kikao nizikute zinawaka."

Nilikuwa nimeshafungua skrubu za kompyuta ya tano.