Kondoo Namba Kumi na Nne

Saa moja asubuhi, Mama Damu amepiga magoti zizini. Mkono mmoja umemkumbatia mwanakondoo, mwingine umeshika sindano.

"Tulia, mwanangu," anambembeleza. "Mama yako nilimkosea. Wewe sitakukosea."

Jina la utani la Mama Damu amepewa na wenzake wa maabara. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ni damu: ya ng'ombe, farasi, mbwa, sungura, kondoo, na ya binadamu, ambayo hujitoa mwenyewe. Hutenga seli nyekundu, huziosha mara tatu kwa maji ya chumvi, kisha mashine hupima asidi amino zilizomo, yaani viungo vinavyojenga protini, ili mnyama mmoja alinganishwe na mwingine.

Miezi miwili iliyopita, seli za kondoo namba kumi na nne zilionyesha asidi moja mara thelathini zaidi ya kondoo wenzake. Mama Damu alishtuka, akadhani hakuziosha vizuri. Akamwaga. Akarudia, majibu yakawa yale yale. Akamwaga tena.

"Niliona aibu," anasema. "Mtu mzima na akili zangu, nashindwa kuosha damu?"

Kwa kuwa kondoo mwenye vipimo vibovu huondolewa kundini, akajaza fomu ili kondoo huyo auzwe machinjioni. Kisha akaandika barua ya kukiri uzembe na kuomba ahamishiwe kazi ya kuosha vyombo.

Mkuu wa maabara, mzee asiyependa maneno mengi, hakuisaini. Alichukua mrija wa mwisho uliobaki kwenye jokofu, akaziosha seli kwa mikono yake.

"Karatasi ya majibu ilipotoka, asidi ile ikiwa mara thelathini vile vile, mzee aliketi kitini puu! Akaniuliza, 'Dada, huyo kondoo yuko wapi?'"

Walikimbia hadi machinjioni. Walikuta kichwa sakafuni, hereni namba kumi na nne ingali sikioni.

Hata leo, simulizi ikifika hapo hushika mdomo. Damu ilimwambia kweli mara mbili, na yeye akaibishia mara mbili.

"Wanasema majuto ni mjukuu," anajaribu kucheka. "Wangu huyu hapa, ana sufu."

Mwanakondoo ndiye mtoto pekee wa namba kumi na nne. Kama amerithi damu ya mama yake, mzee ameahidi atafugwa hadi azeeke, na uzao wake wote utapimwa. Kama hakurithi, habari imeishia machinjioni.

Mama Damu anainua mrija uliojaa, anaufunga kwa kizibo.

"Maisha yangu yote nimeomba vipimo vitoke vya kawaida," anasema. "Leo, Mungu anisamehe, naomba visiwe vya kawaida."