Nani Aligeuza Anteni ya Houda

Mwaka 2004 Houda alikuwa mwalimu wa jiografia katika sekondari moja ya Bujumbura, na nyumbani kwake Kanyosha hakutamani kitu kingine kama alivyotamani mtandao. Kaka yake Moubarak alikuwa amekimbilia Norwei vita vilipopamba moto, na barua pepe zake Houda alizisomea kwenye duka la intaneti katikati ya mji. Siku nyingine bunduki zililia milimani, barabara ikafungwa kabla hajafika. Siku nyingine alifika, akaandika nusu ya salamu, akainuka mbio kuwahi nyumbani kabla ya saa ya amri ya kutotembea usiku.

Basi aliposikia kuna kampuni inayofunga mtandao wa hewani, usiohitaji hata waya wa simu, hakungoja. Fundi wao, Népomuscène, alisimika mlingoti wa bomba uani karibu na ukuta wa jirani, akafunga juu yake anteni mfano wa sahani ya wavu, akaielekeza kwenye mnara wao ulioko Kiriri, mlimani juu ya mji. Barua ya Moubarak ikafunguka. Houda alicheka peke yake.

Kesho yake aliporudi kutoka shuleni, mtandao haukuwapo.

Fundi akaja, akapanda ngazi, akaigeuza anteni, akakaza skrubu, mtandao ukarudi. Alipoondoka haukuchelewa kupotea tena. Mara alilaumu upepo wa ziwa, mara mvua, mara kompyuta yenyewe. Kampuni nayo ikipigiwa simu ilijibu kwamba mnara ni mzima. Houda alichoka, ila jambo moja lilimkera akilini kuliko uchovu: kila mara anteni ilikutwa imetazama ziwani. Ni upepo gani huo wa ziwa unaoivuta sahani kuja kwake badala ya kuisukuma?

Asubuhi moja isiyokuwa na vipindi alikaa jikoni na kikombe cha chai, pazia limeachwa wazi kidogo. Chai haijapoa, akaona mwanzi mrefu ukipanda nyuma ya ukuta, ule wa kuangulia maparachichi, wenye ndoano nchani. Ndoano ilinasa ukingo wa sahani, ikavuta polepole mpaka sahani ikatazama ziwa. Kisha mwanzi ukashuka.

Houda alitoka na hasira zake, lakini hadi kufika kwenye lango la jirani zilikuwa zimepungua, akabaki anataka tu kujua. Dévote, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Astère kwa jina la mwanawe, alikuwa akichambua maharage. Nyuma yake ukuta wa jiko ulikuwa na matofali mapya. Mwaka uliotangulia kombora kutoka milimani lilianguka pale, na mdogo wake Dorothée, aliyekuwa akipika, hakutoka hai.

Dévote hakukana. Alimsogezea mgeni kigoda.

“Mwalimu, mi sina ubaya na wewe,” alisema. “Lakini kile kitu kinaangalia mulima. Mulima nao unakiangalia.”

“Na ziwani, Mama Astère?”

“Ku ziwa hakuna mutu wa kutupiga.”

Houda alimweleza habari za mnara wa Kiriri. Dévote akauliza kama sahani inapokea tu au inatuma pia. Inafanya yote mawili, Houda akamjibu. Je, wenye bunduki kule juu wanaweza kuiona?

“Sijui,” Houda alisema. “Kweli, sijui.”

Dévote aliacha maharage, akamtazama vizuri. Akasema basi waihamishe.

Waliihamishia upande wa pili wa nyumba, ambako paa liliificha isionekane kutoka milima ya karibu, ikabaki na upenyo mwembamba wa kuchungulia Kiriri. Dévote alisimama mlangoni mwa jiko lake akitoa ishara kwa mkono kila alipoona bado inaonekana, na Népomuscène akanung’unika kwamba huko mtandao utachechemea. Ulichechemea kweli, lakini haukupotea tena.

Baada ya muda Dévote alikuja kuona kilichokuwa kikisumbua watu hivyo. Houda akamuuliza anataka kuona nini. Akataja Uvira, ng’ambo ya ziwa, ambako tangu utoto alikuwa akiona milima yake tu. Picha ikaanza kushuka mstari kwa mstari: mawingu, kisha vilele.

“Ile sehemu yenye haijafika, iko wapi sasa?” Dévote aliuliza.

Houda alisema pengine iko hewani, bado inakuja. Wakangoja. Yakaja mabati, ukaja ufuko, na mwanamke anayeanika nguo. Dévote alimtazama mwanamke yule kwa muda mrefu.

Kesho yake mchana alirudi bila kuitwa, akataka kujua kama kuna mtu yeyote kule Uvira aliyepiga picha ya Bujumbura jinsi inavyoonekana kutoka kwao. Houda akavuta kiti cha pili, wakaanza kutafuta.