Mukimo wa Siku ya Mlolongo

Yule mwanamke simpendi. Sikumpenda siku ile alipofika Kiganjo na lori la vitu vyake kutoka Kimbo, na sasa kwa vile yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama wa chama katika wadi yetu, simpendi zaidi. Wajukuu wangu wananiambia, “Cucu, omba Mungu akuondolee wivu.” Nimeomba. Mungu naye ana kazi nyingi.

Kiti hicho kilikuwa changu. Watu hufikiri chama ni wale wanaume wanaobishana kwa redio. Hapa kwetu chama ni akina mama. Mkutano ukitangazwa, nani anapita nyumba kwa nyumba akiita watu? Nani anaosha vikombe, nani anapiga vigelegele mgeni akishuka kwa gari? Mimi nilitolewa shule nikiwa darasa la tatu nikapelekwa kuchuma kahawa, lakini mheshimiwa akija Kiganjo, mkono wa kwanza kushika ulikuwa wangu. Mimi ndiye nilimvisha shuka mabegani. Na nikikaa, nilikaa mstari wa mbele, kwa kiti cha mikono, si kwa benchi na wengine. Picha ya siku moja kama hiyo iko kwa ukuta wangu. Mjukuu wangu mkubwa, mwalimu huko Ruiru, ndiye aliitia fremu. Mtu akiingia kwangu, anaona picha kwanza, chai baadaye.

Halafu akaja huyu. Mweupe, ana mwanya, na sauti ya kuimba ambayo, sitadanganya, ni tamu. Mkutano wake wa kwanza tu alileta spika yake mwenyewe na sufuria ya pilau. Mimi nilikuwa nimepika chai na mandazi kama kawaida. Mheshimiwa alionja pilau akasema, “Hii imepikwa na nani?” Akaonyeshwa. Akatoka kwa kiti chake akaenda kumsalimia. Chai yangu ilibaki mezani mpaka ikashika ngozi juu. Niliiangalia hiyo ngozi, na pilau niliyopakuliwa sikuila. Nilisema tumbo linaniuma.

Kwa hivyo uchaguzi wa chama wa mashinani ulipotangazwa, na nikasikia yeye anataka kiti changu, sikulala vizuri. Uchaguzi wetu ni wa mlolongo. Wanaotaka kiti wanasimama wakiangalia ukuta, na kila mwanachama anaenda nyuma ya mtu wake. Kugeuka hakuruhusiwi. Afisa wa chama akianza kuhesabu, geti linafungwa, na aliye nje ni wa nje.

Nilimwambia rafiki yangu, jirani ambaye tumechuma kahawa pamoja tangu tukiwa wasichana, “Siku hiyo tunapika mukimo.”

“Mukimo? Si tupike chai tu, ndio miguu yetu iwe huru?”

“Yule alipika pilau, mimi nipike chai? Unataka nichekwe?”

“Kuponda viazi na mahindi ya watu wote hao kunataka mikono mingi.”

“Mikono ninayo.”

Nilikuwa nayo kweli. Akina mama wa kanisa letu, wenye mabega, wote ni watu wangu. Niliwaweka jikoni, nje ya ua, nyuma ya ile shule ya chekechea tunayofanyia mikutano. Walikuja na mapema, lakini mahindi yalikuwa makavu na kuni mbichi, na yale mahindi yalikataa kuiva. Sikuwa na wasiwasi. Tangu nijiunge na chama sijawahi kuona mkutano ukianza saa iliyotangazwa. Mheshimiwa akiambiwa asubuhi, anakuja mchana. Afisa akiambiwa mchana, anakuja watu wakienda kukamua ng'ombe.

Siku hiyo afisa alifika kwa saa.

Mahindi na viazi vilikuwa ndiyo vimeiva, vinatoa mvuke, majani ya malenge yameshatiwa. Rafiki yangu akauliza, “Tuache twende mlolongo?”

Mukimo unapondwa ukiwa moto. Ukiupa nafasi upoe unakuwa mabonge, na mabonge hayo nani angepewa lawama? Kichwani nilishamwona yule wa Kimbo akitafuna polepole, akimkonyeza jirani yake.

“Pondeni,” nikasema. “Hao hupoteza wakati na maombi na salamu. Nitawaita.”

Nikaenda kusimama. Ukuta wenyewe ulikuwa umechorwa bata wa manjano wa kufundishia watoto, na mimi nikakaa pua kwa pua na huyo bata. Yule wa Kimbo alikuwa kando yangu, ananukia.

“Cucu, jua ni kali. Utaweza?”

“Nimechuma kahawa kwa hili jua kabla mama yako azaliwe.”

Watu wakacheka, nikafurahi kidogo. Lakini maombi siku hiyo yalikuwa mafupi. Nikasikia miguu ikitembea nyuma yetu, na mingi haikuja upande wangu. Na kutoka jikoni nikasikia miko: du, du, du. Hizo zilikuwa kura zangu, zinaponda viazi. Ningepiga kelele wangenisikia. Sikupiga. Mwenyekiti mzima, mbele ya huyo mwanamke, aite wapishi kama anayezama majini?

Mjukuu wangu mwalimu alikuwa amekuja kuniona. Kura yake iko Ruiru, kwa hivyo alikuwa amesimama nje ya ua. Yeye ndiye alikimbia jikoni. Nikasikia miko imenyamaza, halafu akina mama wangu wakafika getini wakihema.

“Hesabu imeanza,” afisa akasema.

“Sisi ni wa huyu mama!” rafiki yangu akaita.

“Mlolongo umefungwa.”

“Basi na wewe hutakula!”

Alikula. Wote walikula. Niligeuka nikaona mkia wa mlolongo wa yule wa Kimbo umezunguka mpaka kwa bembea za watoto, na wangu ungeenea chini ya mwavuli. Kule getini watu wangu walikuwa wamejaa, mikono ya kijani mpaka kwa viwiko.

Mukimo ulikuwa laini kama uji mzito, hata bonge moja haukuwa nalo. Afisa alilamba vidole, akamgeukia yule wa Kimbo. “Hongera, mwenyekiti. Akina mama wako wanajua kupika.”

Akina mama wake! Naye akainamisha kichwa, akasema asante. Hakunionyesha hata kwa kidole.

Baadaye alikuja kwangu kuomba sufuria kubwa. Kulikuwa na mkutano Ruiru na mheshimiwa alitaka ule mukimo. Alisimama mbele ya picha yangu akaiangalia sana. Chai sikumpa.

“Cucu, na ule mwiko mrefu pia.”

“Sufuria utabeba. Mwiko unakuja na mwenyewe.”

Ndiyo nikaenda Ruiru. Nilikuwa nyuma ya tenti na rafiki yangu, tunaponda, wakati gari la mheshimiwa liliingia. Kwa pengo la turubai nilimwona yule mwanamke akiimba, akimvisha shuka mabegani, shuka lenyewe amelipinda vibaya, halafu akakaa kwa kile kiti cha mikono na kuweka mguu juu ya mguu. Mtu akampiga picha. Najua itatiwa fremu.

Rafiki yangu alikuwa akiniangalia. “Na uchaguzi ujao? Tutapika nini?”

“Chai,” nikasema. “Na hata maziwa tusitie.”