Bado Lina Unyevu

Mtaa mzima ulimwita Chuma, na jina hilo alilipenda. Miaka thelathini alifua mazulia ya watu uani kwake, amepiga magoti, brashi mkononi. Mgongo ulipoanza kumsumbua ndipo akanunua mashine ya kufyonza maji: tangi la plastiki, mpira mnene na mdomo bapa. Unaukandamiza juu ya zulia lililofuliwa, unauvuta polepole kuja kwako, maji yanapanda mpirani yakigugumia. Maji yakiisha, mashine inapiga mluzi. Hapo kazi imekwisha.

Siku hiyo zulia lilikuwa la binti yake wa pekee. Mume wa binti alikuwa amepata kazi mbali, nao walikuwa wanahama moja kwa moja. Mkwe huyo Chuma hakumtaka tangu mwanzo. Harusini hakwenda, na miaka miwili salamu zake hakuziitikia. Sasa mkwe amekaa ndani ya pikapu nje ya lango, vyombo vimefungwa kamba, anasubiri zulia tu.

Chuma akapitisha mashine mara nne. Ikapiga mluzi. Akapitisha ya tano.

"Mama, limekauka hilo," binti akasema.

"Bado lina unyevu."

"Mimi nimekulia uani hapa, mama. Mluzi naujua."

"Wewe ulikuwa unachezea povu. Ufuaji uliujulia wapi?"

Binti akacheka. Akavua kandambili, akatembea pekupeku juu ya zulia, pembe hii mpaka ile. Nyayo zake zikatoka kavu. Chuma hakutazama, akahamia upande wa pili na mashine yake. Neno lilikuwa limemjaa kifuani: usiende, mwanangu, mwite mumeo aingie ndani. Likafika ulimini, likakwama. Angelianzaje, naye hajawahi kumpa mkwe huyo hata maji ya kunywa?

Honi ikalia mara moja, kwa adabu.

Binti akainama, akaizima mashine. "Mama, kama una neno la kuniambia, niambie. Nakusikiliza."

Chuma akautazama mpira. "Neno gani? Zulia bichi. Ukilikunja hivyo litanuka."

"Basi kaa nalo, mama."

Akamkumbatia. Chuma akasimama kama nguzo, mikono haikuuachia mdomo wa mashine. Kisha pikapu ikawaka, ikaenda.

Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akachungulia langoni. "Dada, mbona wamekuachia zulia?"

"Wamesahau. Watarudi kulichukua."

Fundi alikuwa amesikia kila kitu. Akaitikia kwa kichwa tu, akarudi kwenye viatu vyake. Chuma akalikunja zulia, kavu kabisa, akaliburuta mpaka chumbani, akafunga mlango na kulia huku amejiziba mdomo kwa kanga, majirani wasije wakasikia.

Mwaka wa tatu sasa. Binti hupiga simu.

"Mama, hujambo? Habari za huko?"

"Zulia lako lipo," Chuma humjibu.

Neno lile jingine hajalisema.